Picha Hamsini kwa Sekunde Moja

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Bungoma Jumapili moja baada ya ibada, na kwa namna alivyonisalimu haraka haraka nilijua ana jambo. Ni binti ya marehemu dada yangu mdogo, na huniita mama, kama ilivyo kwetu. Dada ya mama yako ni mama yako.

"Mama, zile kanda za Baba bado ziko?"

Alimaanisha kanda za mume wangu. Kabla kila mtu hajawa na kamera mfukoni, mume wangu alipiga video za harusi kuanzia Kitale mpaka Misikhu, kwa kamera ya kidijitali iliyotumia kanda ndogo kama kiberiti. Wikendi isiyo na harusi alitugeukia sisi wa nyumbani.

"Ziko. Unatafuta nini?"

"Nataka kumwona mama akiongea."

Dada yangu alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa mdogo sana. Akapelekwa shule ya viziwi, na kila likizo alirudi na lugha ya mikono ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa nayo. Sisi tulikuwa na ishara zetu za kujitungia: za maji, ng'ombe, njoo hapa, mama amekasirika. Zilitosha kwa kazi za nyumbani. Baadaye alishona nguo mjini Bungoma, akaolewa, akazaa. Alifariki mtoto wake akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, na mama yetu akamlea mjukuu huyo kule Sirisia.

Binti anasikia vizuri. Lakini alipokuwa mtu mzima alikwenda mwenyewe kujifunza lugha ya ishara, na sasa kila Jumapili husimama mbele ya kanisa akiwatafsiria viziwi mahubiri.

Aliyoniambia siku ile ni haya. Kwa viziwi, kila mtu hupewa jina la ishara, na jina hilo hutolewa na kiziwi. Wale wa kanisani walikuwa wamempa lake, akalizoea. Sasa amekuja mwanamke mmoja kiziwi, mshonaji mwenye mvi, ambaye zamani alishona kwenye meza moja na mama yake. Walipotambulishana, yule mwanamke alitikisa kichwa. Hilo si jina lako, alimwambia kwa mikono. Mama yako alikupa jina ukiwa mchanga. Nilimwona akiliita. Lilikuwa hapa, akaonyesha shavu. Lakini vidole vilifanyaje, hakukumbuka.

"Na wewe mama, unakumbuka?"

Nilifumba macho pale pale jikoni, simu sikioni. Nilimwona dada yangu, nikaliona shavu, nikauona mkono ukipanda. Vidole havikuja.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Lakini tutalitafuta."

Mume wangu alikumbuka kanda moja aliyoipiga Sirisia, dada yangu akiwa na mtoto mchanga. Tuliitoa sandukuni pamoja na kamera. Betri ilikuwa imekufa, ila kwa chaja taa iliwaka. Nikaipeleka kwa mwenye duka mmoja hapa Kitale, mtu wa makamo anayechapisha kadi za harusi, kwa sababu ndiye aliyebaki na kompyuta ya zamani yenye tundu la waya wa kamera kama hiyo. Kanda ilicheza yote mpaka mwisho na video ikaingia kwenye kompyuta. Ila alipokuwa akiirudisha nyuma, kamera ilitoa mlio wa kutafuna, ikanyamaza. Alipoifungua, utepe ulikuwa umejisokota ndani na kukatika.

"Pole, madam," alisema, na uso wake ulionyesha kweli amesikitika. "Lakini usijali, yote tayari iko hapa ndani. Nakubadilishia iwe ndogo uweke kwa fleshi."

Nyumbani nikaichomeka fleshi kwenye laptopu. Nikamwona dada yangu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mama, akichambua maharagwe kwenye ungo, mtoto amelala mgongoni. Uso wake ulikuwa umetandazwa kama chapati, maana picha ilivutwa kujaza skrini pana ya siku hizi. Nikasema hilo si kitu. Kisha akaweka ungo chini, akaanza kuongea. Mikono yake ilipoinuka, iligeuka kuwa meno ya kitana. Kila kidole kilipasuka kuwa mistari mistari, na katikati ya mistari picha ilifanya miraba kama sakafu ya terazo. Alipotulia, vidole vilirudi. Akiongea tu, vilipotea.

Nilipiga simu dukani.

"Madam, hiyo ni kanda ya kitambo," mwenye duka alinijibu. "Kitambo video zilikuwa hivyo. Mimi hubadilishia watu kila siku na hakuna mtu amewahi kulalamika."

Nilimwamini kwamba hawakulalamika. Anayetazama harusi anatazama gauni na keki, na wimbo anausikia. Lakini niliwahi kuitazama kanda hiyo hiyo kwenye televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo, na mikono ya dada yangu haikuwa na meno. Kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye kanda. Uliingia mahali fulani kati ya kanda na fleshi.

"Ile faili ya kwanza," nikamuuliza, "ile iliyotoka kwa kamera kabla hujaibana iwe ndogo. Unayo?"

"Ile kubwa? Hizo mi hufuta, madam. Zinajaza mashine."

"Usiguse chochote. Nakuja."

Nilimkuta ameinamia kompyuta. Alikuwa ameifuta kweli, lakini hakuwa ametupa takataka. Faili ilikuwa bado kwenye pipa la kompyuta ikisubiri kumwagwa. Akairudisha mbele ya macho yangu, na mimi nikaihamishia kwenye diski niliyokuja nayo. Ilikuwa nzito mara kadhaa kuliko ile ya fleshi. Nilitembea nayo nyumbani nikiwa nimeikumbatia kama trei ya mayai.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Sijui kompyuta zaidi ya kuandika mitihani. Lakini likizo ya Agosti ilikuwa imeanza, mahindi yalikuwa yanakomaa yenyewe bila kunihitaji, na nilikuwa nimempa binti neno langu. Nilipakua programu ya bure ya kubadilisha video, nikaifungua, nikakuta dirisha la mipangilio lililojaa visanduku na namba kama rubani ndiye anayelitumia. Nilianza na kisanduku kimoja. Nikakisoma maana yake mtandaoni, nikakijaribu, nikakiandika kwenye ubao wa kichwani mwangu, nikaenda kingine.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kila picha katika kanda za aina ile ni nusu mbili zilizosukwa pamoja. Kamera huchukua kwanza mstari mmoja na kuruka mmoja, kisha, kufumba na kufumbua, inachukua ile iliyorukwa. Mtu akitulia, nusu hizo zinalingana. Akisogeza mkono, nusu ya kwanza ina mkono hapa na ya pili ina mkono pale, na ukizisuka bila akili unapata kitana. Televisheni ya zamani ilizionyesha moja baada ya nyingine, ndiyo maana hatukuona kitu.

Basi dawa ni kuzitenganisha, na programu ilikuwa na njia kadhaa. Sikuzijaribu kwenye video nzima. Nilikata kipande cha dakika moja, mahali ambapo kuku wa mama anakatiza uani mbele ya dada yangu akiongea.

Njia ya kwanza ilitupilia mbali nusu moja ya kila picha. Meno yakaisha, nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikatazama mikono kwa makini. Ilikuwa inaruka. Inatoka kifuani, mara iko usoni, katikati hakuna kitu. Njia ya pili ilichanganya nusu zote mbili kama maziwa na chai, na dada yangu akawa na mikono minne, miwili ya nyama na miwili ya moshi.

"Si hiyo sasa ni nzuri?" mume wangu aliuliza nyuma yangu. "Inaonekana laini."

"Wewe unaelewa anachosema?"

"Mimi hata kitambo sikuelewa."

"Yule anayeelewa lazima aone kila kidole. Hiyo mikono ndiyo sauti yake. Ungekubali harusi yako ipigwe video halafu sauti ikatwe nusu nusu?"

Akakaa chini, na tangu hapo hakuniuliza tena kwa nini nahangaika.

Njia ya tatu ilichukua kila nusu na kuijazia mistari iliyokosekana mpaka ikawa picha kamili. Badala ya picha ishirini na tano kwa sekunde, unapata hamsini, na hakuna kitu kilichotupwa. Nilijua hiyo ndiyo yenyewe hata kabla sijaijaribu. Nikabonyeza, nikangoja, nikafungua. Mikono ya dada yangu ilikuwa inatetemeka kama ya mgonjwa wa malaria.

Niliumia sana wakati ule. Nilifunga laptopu nikaenda shambani, nikang'oa magugu ambayo hayakuhitaji kung'olewa. Mvua ilinirudisha ndani. Nikaifungua tena, na safari hii sikumtazama dada yangu. Nilimtazama kuku. Alikuwa anakwenda hatua mbele, nusu hatua nyuma, mbele, nyuma, kama anayecheza. Kuku hatembei hivyo. Nikaielewa shida: nusu za picha zilikuwa zimepangwa kinyume, ya pili ikitangulia ya kwanza, kwa hiyo kila kitu kinachosogea kinarudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Niliuliza katika ukumbi mmoja wa mtandaoni wa watu wanaopenda kamera za zamani, na mtu nisiyemjua akanijibu kwa sentensi moja: kanda za aina hiyo huanza na mistari ya chini, na programu yako imedhani zinaanza na ya juu.

Nikabadilisha kisanduku kimoja. Kuku akakatiza uani moja kwa moja na kwenda zake. Mikono ikatiririka.

Umeme ukakatika. Kitale mvua ikinyesha hatushangai. Betri ya laptopu haikuweza kubeba kazi ile, basi nilingoja mpaka asubuhi, nikaanza upya.

Yaliyobaki yalikuwa madogo lakini sikuyaacha yapite. Nilirudisha umbo la picha, nne kwa tatu, na uso wa dada yangu ukawa wake tena, mwembamba, wenye kidevu cha mama. Nilichagua mtindo wa kubana ambao hata simu ya bei ndogo huusoma. Kisha palikuwa na namba ya ubora, na hiyo inakwenda kinyume, kwamba ikishuka ndipo ubora unapanda na faili inakuwa nzito. Kwa ishirini na nane, vidole vikienda kasi viligandana. Kwa ishirini na tatu, ambayo programu yenyewe inapendekeza, vilionekana, ila kucha na mikunjo ilifutika na sikuweza kujua kama kidole kinagusa ngozi au kiko mbele yake tu. Nikashuka mpaka kumi na saba. Mwisho kulikuwa na kasi ya kazi. Nikachagua ile ya polepole.

"Kuna ya haraka na wewe unachukua ya polepole?" mume wangu alishangaa.

"Ikienda polepole inafikiria zaidi kabla ya kubana. Hata wewe ukipika mrenda haraka haraka hatuli."

"Sawa, mwalimu."

Kipande cha majaribio nilimtumia binti kwenye simu. Akanipigia mara moja. "Mama, vidole vimekuwa uji!" Nikagundua kwamba simu, katika kutuma, huibana video tena kwa namba zake yenyewe bila kukuuliza. Kazi yote ile ilikuwa imetupwa njiani. Ningeweza kuituma kama faili ya kawaida, lakini sikutaka tena kitu chochote kiingie kati. Video nzima ilipokamilika niliiweka kwenye diski, nikaipeleka Bungoma mwenyewe.

Tulikutana kwenye chumba cha kushonea cha yule mwanamke kiziwi, rafiki ya dada yangu. Alikuwa ametandika kitambaa safi juu ya meza kuiwekea laptopu, na alinishika mikono yote miwili kwa muda kabla ya kuniachia. Binti alikaa katikati yetu. Nikaiwasha.

Dada yangu aliweka ungo chini, akatazama kamera, akaanza. Yule rafiki alicheka kwa sauti kubwa. Binti naye akaanza kutafsiri, kwa sauti ile ile ya kanisani, iliyonyooka, kana kwamba anamtafsiria mtu aliyeketi mbele yake.

"Anasema, 'Shemeji, unanipiga picha na kichwa hakijasukwa. Utaonyesha watu nini?' Anasema, 'Haya, kwa vile hutaki kuondoka, nikuambie habari.'" Binti akasogea karibu na skrini. "'Huyu mtoto anasikia. Mama amegonga sufuria nyuma yake akageuka. Wote wamefurahi. Mimi nimefurahi, halafu nimeogopa. Nimejiuliza, sasa mimi ataniitaje? Ataita kwa mdomo, na mimi nimempa mgongo.'"

Kwenye skrini dada yangu alimrekebisha mtoto mgongoni. Kisha mikono ikarudi.

"'Lakini jana nilikuwa namnyonyesha, nimetazama kando. Akanyoosha mkono, akanigonga shavu na vidole viwili. Nikamtazama. Nikatazama kando tena. Akanigonga tena. Ameniita. Mtoto mdogo hivi, ameshajua namna ya kuniita. Basi nimempa jina.'"

Mkono wa dada yangu ukapanda shavuni. Vidole viwili vikagonga, haraka, mara mbili, vikafunguka kuelekea mbele kama mtu anayeachia kitu.

"Hapo," nikasema. "Rudisha hapo."

Binti aliirudisha. Tuliitazama picha moja baada ya nyingine kwa kubonyeza kitufe, vidole vikikaribia, vikigusa, ngozi ikibonyea, vikiachana na shavu, vikigusa tena. Kwenye video ya dukani mahali hapo palikuwa na ukungu wa mistari tu. Kwenye ile niliyotupa nusu zake usingejua kama anagonga au anapangusa machozi.

Yule rafiki alipiga meza kwa kiganja. Ndiyo hilo, alisema kwa mikono, ndiyo hilo hasa! Akamgeukia binti, akamwita: shavuni, vidole viwili, mara mbili, kisha wazi.

Binti alifunika uso wake kwa mikono, na mikono yake ikiwa imefunika uso hakuwa na namna ya kusema chochote kwa lugha ile. Rafiki akangoja. Binti alipoishusha, rafiki akamwita tena.

Kesho yake tulikwenda Sirisia, kwa sababu mama alikuwa ametusikia kwenye simu na hakukubali kuachwa. Macho yake yanaona kwa shida, basi tulimwekea laptopu karibu kabisa, juu ya mapaja. Mama hakuwahi kujua ishara za shule. Alizozijua ni zile zetu za nyumbani. Alitazama video yote mpaka mwisho, midomo ikicheza, na binti, anayemwita kukhu, yaani bibi, alimtafsiria polepole kwa Kibukusu. Kisha mama akauliza kama tunaweza kumsimamisha.

"Kumsimamisha vipi, kukhu?"

"Asiondoke. Mumwache ananitazama."

Binti alitafuta mahali ambapo mama yake anatazama kamera, akasimamisha. Picha ilitulia, safi, macho yakiwa yamefunguka. Mama akainua mkono wake wa kulia, akakusanya vidole na kuvielekeza juu, kama tunavyoonyesha kimo cha mtoto, kwa sababu kimo cha mtu hakionyeshwi kwa kiganja kilicholala kama cha ndama. Akaanza chini, karibu na goti. Akapandisha mkono taratibu, kifuani, begani, akapita kichwa chake mwenyewe, mpaka mkono ukanyooka wote. Akaushikilia pale. Halafu akamwonyesha dada yangu binti yake kwa kidole.

Nimerudi Kitale sasa. Mwenye duka amenitafutia kamera nyingine ya aina ile kutoka kwa mtu wa Kiminini, na tumekubaliana kwamba hafuti faili kubwa yoyote mpaka nimeichukua. Nimemwandikia mipangilio yangu, akaibandika ukutani juu ya kompyuta yake. Ananiuliza maswali, mengine najua jibu, mengine tunalitafuta pamoja. Kanda bado ni nyingi, na zipo ambazo dada yangu anapita nyuma ya maharusi akimwambia mtu jambo kwa mkono mmoja huku amebeba sahani. Nitazimaliza zote.